Ardhi Inayotikisika na Ardhi Inayogombaniwa: Historia ya Ustahimilivu wa Jamii za Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, tukio la ardhi kutikisika lina majina mawili makuu: tetemeko na zilzala. Jina la kwanza linaeleza mwendo. La pili, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo limezoeleka zaidi katika maandishi ya kidini ya pwani, linabeba pia hofu ya Siku ya Kiyama. Katika majina yote mawili ardhi ndiyo mtenda na binadamu ndiye mtendwa. Makala haya yanauliza kama mgawanyo huo wa kazi unatosha kueleza yale ambayo tetemeko huyafanya kwa watu.

Eneo tunalolichunguza ni teritori mbili za Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Masisi na Walikale. Hoja yetu kuu ni kwamba nguvu ya mtikisiko hutoka ardhini, lakini ukubwa wa maafa hutoka katika historia. Jamii za eneo hili zilikuwa na njia zao za kuishi juu ya ardhi isiyotulia. Njia hizo zilidhoofishwa na sera za ardhi, kwanza za ukoloni na kisha za dola huru, halafu zikavunjwa na vita. Kwa hiyo mpango wowote wa kujenga ustahimilivu usiogusa umiliki wa ardhi, usalama wa makazi na lugha ya watu utabaki kuwa mpango wa maandishi tu.

Tutaanza kwa kueleza mazingira na kumbukumbu ya matetemeko. Kisha tutatazama utamaduni, sera ya ardhi, tukio la Sake la mwaka 2021, na hatimaye suala la lugha ya onyo.

2.0 Mazingira na Kumbukumbu ya Matetemeko

Masisi, yenye eneo lisilofikia kilometa za mraba 5,000, ni nchi ya milima na malisho iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Walikale, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 23,000, inashuka kutoka milima hiyo kuelekea misitu ya bonde la Kongo. Mashariki ya Masisi iko milima ya volkano ya Nyamuragira na Nyiragongo, na kusini yake liko Ziwa Kivu. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka kwa milimeta chache tu kila mwaka. Kiasi hicho ni kidogo mno machoni pa binadamu, lakini kinatosha kuyavunja matabaka ya miamba na kuitikisa nchi.

Katika orodha za matetemeko makubwa ya Maziwa Makuu, majina ya Masisi na Walikale ni nadra kuonekana. Orodha hizo hutaja tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966, lililoua watu zaidi ya 150 nchini Uganda na upande wa Beni. Tetemeko la Kalehe la tarehe 24 Oktoba 2002, magharibi ya Ziwa Kivu, lililofikia kipimo cha 6.2, na yale ya tarehe 3 Februari 2008 yaliyozipiga Bukavu na wilaya za Rwanda zilizo kusini ya ziwa hilo. Hata hivyo, uhaba huo wa majina usitufanye tudhani kwamba nchi hizi zimetulia. Zimo katika ukanda uleule wa ufa, na jirani anapopigwa nazo hutikiswa.

Uhaba wa kumbukumbu una sababu zake za kihistoria. Utafiti wa matetemeko katika Kivu ulipata makao kwenye kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, chini ya taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilianzishwa mwaka 1986. Vituo vyote viwili vilitazama ziwa na volkano, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini milima ya ndani na misitu ilibaki pembeni, na tangu miaka ya 1990 ukosefu wa usalama umefanya iwe vigumu hata kufunga chombo kimoja cha kupimia na kukilinda kisiibwe. Hivyo basi, kwa muda mrefu kumbukumbu iliyo kamili zaidi imekuwa ile iliyotunzwa na wenyeji wenyewe.

3.0 Utamaduni kama Hazina ya Maarifa

3.1 Milima na Kuzimu

Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alirekodi katika nchi ya Wanyanga, Walikale, utendi wa Mwindo kutoka kwa mtambaji Candi Rureke. Mwaka 1969 aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene. Utendi huo unajulikana sana kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, lakini mara chache umesomwa kama ushahidi wa jinsi watu wanavyoielewa ardhi wanayoikanyaga. Ndani yake, shujaa anamfuatilia baba yake hadi kuzimu. Huko chini anawakuta wenye enzi, vijiji na mashamba, na anapewa kazi ngumu za kutekeleza kabla ya kuruhusiwa kupita. Katika imani ya Wanyanga, nguvu nyingi za kiroho makazi yao ni Kwirunga, yaani nchi ya volkano, na mmoja wa wakuu wao ni Nyamurairi, mwenye kuhusishwa na moto. Msomaji ataona mara moja jinsi jina hilo linavyokaribiana na jina la mlima Nyamuragira.

Hatudai kwamba utendi wa Mwindo ni simulizi la tetemeko. Tunachodai ni kwamba katika fikra hii nchi ya chini si kitu kilichokufa. Ina wenyewe, ina sheria, na mtu anayeishi juu yake anaishi kwa makubaliano. Jambo la kuzingatia ni kwamba jirani za Wanyanga na Wahunde, yaani watu wenye asili ya Rwanda, nao wana mapokeo kama hayo. Katika ibada ya Ryangombe, roho za waliofuata taratibu hupumzika kwenye vilele vya baridi kama Karisimbi, na nyingine huenda katika moto wa Nyiragongo. Kwa maneno mengine, jamii ambazo siasa ya karne ya 20 ilizigawa kuwa wenyeji na wageni zilikuwa na ramani moja ya kiroho: zote ziliiona milima kuwa makazi ya wafu na mahali pa kuheshimiwa. Huu ni msingi wa pamoja ambao wapangaji wa sera wameupuuza.

3.2 Neno Mazuku

Ushahidi wa pili unatoka katika lugha. Katika eneo lililo kati ya Goma na Sake hupatikana mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Usiku, upepo unapotulia, hewa hiyo hujaa na kumwua mnyama au mtu aliyelala humo bila yeye kuhisi chochote. Wenyeji huyaita mahali hapo mazuku, jina linalohusishwa na upepo mbaya unaoua usiku. Wataalamu wa volkano duniani hawakuwa na neno zuri zaidi, wakalichukua hilohilo. Leo neno mazuku linatumika katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Msomaji wa pwani atakumbuka neno mzuka, yaani pepo anayetokea ghafla. Mfanano wa sauti si uthibitisho wa asili moja, lakini maana zinaelekeana.

Ni mara chache sayansi ya ulimwengu inakopa istilahi kutoka Kiswahili cha Kongo. Inapofanya hivyo, inakiri kwamba wenyeji walilitambua jambo, wakaliainisha na kulipa jina. Aidha, maarifa hayo yanahusu matetemeko moja kwa moja. Watu wanapoogopa kuangukiwa na kuta hulala nje. Anayewaambia walale nje bila kuwaambia wasilale bondeni anawaokoa na hatari moja na kuwatia katika nyingine.

3.3 Ujenzi

Ushahidi wa tatu ni nyumba. Makazi ya zamani ya Wahunde na Wanyanga yalijengwa kwa miti, fito, matete, nyasi na majani ya msituni. Wamisionari na watawala waliyaona kuwa dalili ya umaskini. Lakini nyumba nyepesi ya fito zilizofungwa kwa kamba hupinda inapotikiswa, na hata ikianguka haina uzito wa kuua. Kinyume chake, ukuta wa matofali usiofungwa kwa nondo wala mbao ni mzito na hauwezi kupinda. Hupasuka na kumwangukia aliye ndani. Matetemeko ya mwaka 2008 yalitokea siku ya Jumapili, na miongoni mwa watu takriban 40 waliokufa, wengi wao upande wa Rwanda, walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini, lilitoa funzo hilohilo.

Tusije tukaelewa kwamba tunawataka watu warudi katika vibanda vya nyasi. Nyumba za mbao na mabati ambazo leo zimeenea Goma na katika vijiji vingi vya Masisi zinaonyesha kwamba wajenzi wa huko wamekwisha kupata njia ya kati. Tunasema tu kwamba maendeleo yaliyopimwa kwa uzito wa ukuta yaliiacha nyuma hekima ya ukuta mwepesi, bila kuleta ufundi wa kuufunga ukuta mzito.

4.0 Sera ya Ardhi na Mizizi ya Udhaifu

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu na kuipa mamlaka juu ya maeneo makubwa ya ardhi kwa ajili ya walowezi. Kabla ya hapo, mwaka 1925, ilikuwa imeanzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo baadaye ilipanuliwa na kuzingira milima ya volkano. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, shughuli maalumu ya uhamiaji iliwaleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, kwanza Gishari, ili wafanye kazi mashambani na kupunguza msongamano wa kwao. Hawa walipewa mahali pa kuishi, lakini haki yao juu ya ardhi haikuelezwa kwa namna ambayo mwami na watu wake waliikubali.

Dola huru haikulitatua tatizo hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa, na kwamba haki za jamii za vijijini zingeelezwa na amri ya rais. Amri hiyo haikutolewa. Katika pengo hilo, mashamba ya walowezi yaligeuka kuwa ranchi za wakubwa wa siasa na biashara, na vilima vya Masisi vyenye miteremko ya wastani vikawa malisho ya ng'ombe wao. Wakulima wadogo walisukumwa kwenye miteremko mikali. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 nayo iliwafanya wengi kati ya watu wenye asili ya Rwanda kuwa na shaka juu ya nchi yao wenyewe.

Uhusiano wa mambo haya na matetemeko ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Mteremko mkali uliokatwa miti na kulimwa mwaka hadi mwaka huporomoka ukitikiswa, hasa wakati wa mvua. Hali kadhalika, miteremko iliyochimbwa mashimo ya madini, kama inavyofanyika Rubaya katika Masisi na Bisie katika Walikale, haina tena mshikamano wake wa asili. Na mtu asiyejua kama mwakani atakuwa bado juu ya kiwanja chake hapandi miti ya kushika udongo, wala hanunui mbao imara za kufungia kuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamhusu mwenye ukuta. Asiye na hakika ya kiwanja hana sababu ya kuziba ufa.

Mwezi Machi 1993 mapigano yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu ya watu waliuawa na wengine wengi zaidi walihama. Tangu hapo, wakazi wa teritori hizi mbili wamehama na kurudi mara nyingi kiasi kwamba neno la Kifaransa la kuwataja wakimbizi wa ndani limekuwa neno la kila siku katika Kiswahili cha Kivu. Kijiji kinachohama kila baada ya miaka michache hupoteza wazee wanaojua bonde lipi lina hewa mbaya na kilima kipi kiliporomoka zamani. Kwa njia hii vita vimeharibu nyumba, na pamoja nazo kumbukumbu.

5.0 Sake, 2021 na Baadaye

Pamoja na hayo, jamii hizi zilibaki na nguzo moja imara: desturi ya kupokeana. Katika Kivu, aliyekimbia hufikia kwanza kwa ndugu, kwa mkwe, kwa muumini mwenzake au kwa mwanachama mwenzake wa likelemba, na huko ndiko anakopata hifadhi ya kwanza. Desturi hii ilipimwa mwaka 2021.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila onyo rasmi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Lava ilisimama kwenye viunga vya Goma. Lakini kwa siku kadhaa zilizofuata matetemeko yaliendelea mfululizo, kuta zilianguka na nyufa zikafunguka barabarani. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 ya jiji waondoke, kwa kuhofia kwamba moto ulikuwa umejipenyeza chini ya jiji na ziwa. Watu waliokadiriwa kufikia 400,000 waliondoka. Mahali palipotajwa kwanza kuwapokea ni Sake, mji mdogo wa Masisi ulio kilometa 25 hivi magharibi ya Goma, katika usultani wa Bahunde.

Sake yenyewe si mahali pasipo na hatari. Mlipuko wa Nyamuragira wa mwaka 1938 hadi 1940 ulipeleka lava hadi Ziwa Kivu karibu na hapo, na barabara ya kutoka Goma inapita katika nchi ya mazuku. Maji yalikuwa machache, na kipindupindu kilihofiwa. Hata hivyo, shule, makanisa na nyumba za watu zilifunguliwa. Wenyeji wa Masisi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamekimbilia Goma kila vita vilipozuka, safari hii waliwapokea watu wa Goma. Mpango rasmi ulitaja mahali pa kwenda. Jamii ndiyo iliyotoa mikeka, sufuria na paa.

Lakini nguzo hiyo nayo haina uhai wa milele. Mwezi Februari 2024 mapigano yalifika Sake na wakazi wake wakakimbilia Goma, wengi wao katika kambi za mahema ya plastiki zilizokuwa juu ya lava ya Mugunga na Bulengo, yaani katika nchi ileile ya mazuku. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Sake na kisha Goma. Mwezi Februari walitaka kambi hizo zivunjwe. Mwezi Machi waliingia katika mji wa Walikale, wakauacha mwezi Aprili. Mwanahistoria anayeziweka tarehe hizi pamoja na ile ya Mei 2021 anapata swali zito: mlima ukilipuka tena na ardhi ikaanza kutikisika, wakazi wa Goma watapokelewa na nani? Mji mwenyeji ulivunjwa na watu, na hakuna kipimatetemeko kinachoweza kusajili uvunjaji wa namna hiyo.

6.0 Lugha ya Onyo

Suala la mwisho ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inaitambua lugha ya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Taarifa za kitaalamu za matetemeko na volkano huandikwa kwa Kifaransa, na baadhi ya tafiti kwa Kiingereza. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, ulioigawa Goma kwa mto wa lava, jiji liliwekewa alama za rangi: kijani, manjano, machungwa na nyekundu. Hatua hiyo ilikuwa nzuri kwa kuwa rangi haihitaji kusomwa. Lakini rangi haisemi uende wapi, ulale wapi, wala urudi lini.

Hapa wanataaluma wa Kiswahili wana kazi. Tuchukue mfano mmoja. Baada ya tetemeko kuu hufuata mengine kwa siku au wiki kadhaa, na hayo huangusha nyumba zilizokwisha kupata nyufa. Kutangaza kwamba tetemeko limepita ni kuwarudisha watu ndani ya kuta zilizopasuka. Tunahitaji istilahi fupi na ya wazi, kwa mfano matetemeko fuatizi, itakayosemwa redioni, shuleni na makanisani kwa namna moja kutoka Goma hadi Walikale. Vilevile, istilahi zitungwe kwa kuanzia na maneno ambayo watu wanayo. Mazuku ni kielelezo cha kutosha kwamba neno la kijijini linaweza kuihudumia sayansi.

7.0 Hitimisho

Mfumo wa Sendai, ambao mataifa yaliukubali mwezi Machi 2015 kwa kipindi cha hadi 2030, unasisitiza kuielewa hatari kabla ya kuikabili, na unayapa maarifa ya wenyeji nafasi. Historia ya Masisi na Walikale inatuonyesha maana halisi ya kauli hiyo. Kuielewa hatari hapa ni kujua mwendo wa ufa, na pia kujua nani alisukumwa kwenye mteremko, kwa sheria ipi na katika mwaka gani. Ni kukusanya majina ya mabonde na masimulizi ya maporomoko kabla wanaoyajua hawajatawanyika. Ni kuwapa wenye mashamba madogo hakika ya viwanja vyao, ili wawe na sababu ya kujenga vizuri. Ni kuhesabu desturi ya kupokeana kuwa sehemu ya kinga ya umma, inayostahili kulindwa kama zinavyolindwa barabara na visima.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu inaweza kuanza mara moja, na haihitaji mitambo ya bei kubwa. Wanafunzi wetu wanaotoka Kivu wanaweza kuianza kwa kuwauliza wazee wao, kwa Kiswahili au kwa lugha zao, ardhi ilitikisika lini, nini kilianguka, na walilala wapi usiku ule.